Kagueni na virago: barua ya wazi kutoka Igunga

Kwa: Waziri wa Afya, Waziri wa Mifugo na Uvuvi
Nakala: Dawati la Afya Moja, Ofisi ya Waziri Mkuu, wafugaji wenzangu wa Igunga

Waheshimiwa Mawaziri,

Yah: Kupe na papasi wanaovushwa mipaka na wasafiri, mizigo na mifugo

Nilifundisha historia kwa miaka thelathini na miwili, nikastaafu, nikarudi Igunga kwenye ng'ombe wa marehemu baba yangu. Sina cheo wala chama ninachokisemea. Naandika kwa sababu mwaka jana tulizika mtoto aliyeishi saa chache tu, na mwaka huohuo zizi langu likapoteza ng'ombe kumi na mmoja. Nimeuliza sana, nimesoma sana, na nimeona kwamba misiba yote miwili iliingia kwa mlango mmoja, na mlango huo hauna mlinzi.

Mkwe wangu alikuwa na mimba ya miezi saba homa ilipomwanza. Siku tatu alitetemeka, kichwa kikamgonga, akatapika kila alichokula. Siku ya nne aliamka mzima, akafagia uwanja, tukamshukuru Mungu. Baada ya wiki moja homa ikarudi. Ikaondoka. Ikarudi tena. Alipimwa katika vituo vitatu ambavyo sitavitaja, kwa kuwa wahudumu wake walifanya walichofundishwa: tone la damu ya kidole, kipimo cha haraka, hakuna malaria. Akapewa dawa ya malaria hata hivyo. Mara ya pili tukaambiwa ni taifodi. Mara ya tatu, UTI. Homa iliporudi mara ya nne, uchungu ulimshika usiku, mtoto akazaliwa akiwa hai, na kabla jua halijachomoza akawa ametutoka.

Siku mbili baadaye mtaalamu mmoja wa maabara, mtu mzima aliyesomea kazi yake enzi za hadubini, alichukua damu yake, akaipaka juu ya kioo, akaitia rangi, akainama juu ya mashine. Kisha akawaita vijana wake waje waone: vijidudu vyembamba vilivyojisokota kama uzi wa skrubu, vimelala katikati ya chembe za damu. Akasema, "Hii ni homa ya papasi. Mama yangu aliugua hii." Dawa iliyomponya mkwe wangu haikuzidi bei ya soda chache.

Chumba alichokuwa akilala ni cha uani, cha udongo. Miezi miwili kabla, walilala humo wachuuzi wa ng'ombe waliokuwa wametoka upande wa mpakani, na mikeka yao, magunia yao na mablanketi yao. Mgeni njoo, mwenyeji apone, ndivyo tulivyolelewa, na sijuti kuwafungulia mlango. Wala siwezi kuapa kwamba papasi tuliowachokonoa kwenye nyufa za ukuta ule walishuka kutoka kwenye magunia yale; huenda walikuwamo tangu enzi za babu. Ninachojua ni kwamba kuanzia mpakani mpaka chumbani kwangu hapakuwa na mtu hata mmoja ambaye kazi yake ilikuwa kuuliza.

Basi naomba mnisikilize kwa hoja hizi.

1. Barabara yetu inalijua jambo hili kuliko vitabu.

Kila siku malori yanapita Igunga yakitoka Dar es Salaam kwenda Rusumo, Kabanga na Mutukula, na kutoka huko kuingia Rwanda, Burundi, Uganda na Kongo. Kabla ya lami kulikuwa na njia ya misafara. Wapagazi makumi kwa maelfu walitoka pwani, wakapita Ugogo, wakakata nyika ya Mgunda Mkali, wakaingia Unyanyembe, mahali ambapo wapelelezi Burton na Speke walipakuta pakiitwa Kazeh walipofika Novemba 1857. Kutoka hapo, yaani Tabora ya leo, njia iliendelea hadi Ujiji, ikavuka ziwa, ikaishia Kasongo kule Manyema.

Kila mpagazi alibeba mzigo wa watu, na juu ya mzigo ule alifunga virago vyake mwenyewe, yaani mkeka, nguo na chungu. Papasi alisafiri ndani ya virago hivyo. Huyu si kupe wa kung'ang'ania mwilini. Anatoka ufani usiku, ananyonya damu kwa nusu saa hivi, mara nyingi bila mtu kuhisi, kisha anashuka na kujificha kwenye vumbi, kwenye ufa au kwenye mkunjo wa mkeka. Anaweza kukaa miaka bila kula. Mkeka ukikunjwa Tabora na kukunjuliwa Ujiji, naye amefika Ujiji.

Mwaka 1905, mwaka uleule aliopewa Tuzo ya Nobel, daktari Mjerumani Robert Koch alikuwa nchini mwetu, wakati huo ikiwa koloni la Wajerumani, akichimbua sakafu za vibanda walimopumzika watu wa misafara. Aliwakuta papasi, akawapasua, akaona vimelea vya homa ndani yao na hata ndani ya mayai yao. Maana yake ni kwamba papasi mama huwarithisha watoto ugonjwa kabla hawajaonja damu ya mtu yeyote. Mwaka huohuo, mwisho wa njia hiyohiyo, daktari kijana Mwingereza aitwaye Joseph Everett Dutton, aliyekuwa akithibitisha pamoja na mwenzake John Todd kwamba papasi ndiye anayeambukiza homa hii, alifariki kwa homa hiyohiyo. Alifia Kasongo, tarehe 27 Februari 1905. Bakteria aliyemuua anaitwa kwa jina lake hadi leo, Borrelia duttonii. Wenyeji wa kule humwita papasi kimputu.

Nawatajia haya kwa sababu nilipokuwa nafundisha njia za misafara, mtaala uliniagiza nitaje pembe za ndovu, watumwa, shanga na vitambaa. Niliyataja hayo yote. Sikuwahi kumtaja papasi, kumbe naye alikuwa msafiri, na miongoni mwa wote waliopita njia ile yeye peke yake hajaacha kusafiri. Reli ilifika Tabora mwaka 1912, wapagazi wakaweka mizigo chini, misafara ikafa. Virago vikahamia kwenye behewa, kisha kwenye basi, kisha nyuma ya kiti cha dereva wa lori.

2. Tumeacha kuutazama ugonjwa, kisha tukadhani umekwisha.

Mheshimiwa Waziri wa Afya, hoja hii ni yako. Kipimo cha haraka cha malaria ni neema. Kimeokoa watu wengi na sitaki kirudishwe kabatini. Lakini kinajibu swali moja tu. Zamani, mtu akiwa na homa, damu yake iliwekwa chini ya hadubini, na mpimaji aliyekuwa anatafuta malaria aliweza kukutana na vijidudu vya papasi bila kuvitarajia. Leo zahanati ya kijijini haina tena sababu ya kugusa hadubini. Kipimo kikisema hapana, mgonjwa anabaki na homa isiyo na jina, na homa isiyo na jina hupewa jina lolote lililo karibu.

Hadubini nayo ina wakati wake. Vijidudu hivi huonekana kwenye damu mgonjwa akiwa ndani ya homa; akipata nafuu hujificha, na kioo kinaweza kuonekana safi. Mkwe wangu alipelekwa mara mbili siku za nafuu, kwa kuwa siku za homa kali alikuwa hawezi kupanda bodaboda. Tulikuwa tunampeleka siku isiyofaa, na hakuna aliyetuambia.

Anayeumia zaidi ni mjamzito. Utafiti kuhusu wajawazito wa vijijini Tanzania walioambukizwa homa ya papasi, uliochapishwa mwaka 1997, ulikuta kwamba zaidi ya mimba nne katika kila kumi ziliishia kwa kumpoteza mtoto. Na mwanzoni mwa miaka ya 2000, wachunguzi waliokwenda vijijini Dodoma walikuta vinasaba vya bakteria huyu kwenye damu za watu, hata za watu ambao hawakuwa na homa. Dodoma si mbali na sisi. Ni barabara moja, nyumba za tembe zilezile, sakafu za udongo zilezile.

Ombi langu hapa ni dogo. Mjamzito yeyote mwenye homa ambaye kipimo cha haraka hakikuona malaria, damu yake itazamwe kwa hadubini siku hiyohiyo, kabla hajaandikiwa kitu kingine. Mhudumu amuulize maswali matatu: homa hii imewahi kuondoka na kurudi? Unalala wapi? Nyumba ina papasi, au mmepokea wageni? Dawa zinajulikana, nazo ni doksisaiklini kwa watu wazima wengine, na erithromaisini au penisilini kwa mjamzito. Wahudumu wakumbushwe pia kwamba dozi ya kwanza inaweza kumletea mgonjwa mtetemeko mkali na presha kushuka, hivyo asipewe vidonge akaambiwa aende nyumbani. Hospitali ya Nkinga ipo wilayani kwetu, na wataalamu tunao. Tunachokosa ni agizo linaloshuka hadi zahanati ya mwisho.

3. Mipakani tunamtafuta mgonjwa, na kupe hana homa.

Tangu siku za korona, na tena Marburg ilipozuka Kagera mwaka 2023 na kurudi Januari 2025, tumeona kazi kubwa ikifanywa mipakani na viwanja vya ndege. Msafiri anapimwa joto la mwili, anajaza fomu, anaulizwa kadi ya chanjo ya homa ya manjano ikiwa ametoka nchi zenye ugonjwa huo. Kazi hiyo naiheshimu. Lakini aliyeng'atwa na papasi jana atapita kesho akiwa na joto la kawaida kabisa, kwa kuwa homa humchukua siku kadhaa, mara nyingi wiki, kujitokeza. Na papasi aliyelala kwenye blanketi lake hatapimwa na mtu.

Kama mnaona nakuza jambo, mfikirieni Tony Goldberg, mtafiti wa Chuo Kikuu cha Wisconsin, Marekani. Mwaka 2012 alirudi kwao kutoka hifadhi ya Kibale, Uganda, alikokuwa akichunguza afya ya sokwe. Siku chache baada ya kufika alihisi maumivu puani. Alichukua kioo, tochi na koleo, akamtoa kupe mzima. Kupe huyo alikuwa amevuka viwanja vya ndege vyote ndani ya pua ya mtaalamu wa magonjwa, na mwenyewe hakujua. Vinasaba vyake vilipopimwa, havikulingana na vya kupe yeyote aliyekuwa ameorodheshwa. Goldberg na wenzake wakatazama upya picha za sokwe wadogo wa Kibale, wakaona takriban mmoja katika kila watano ana kupe puani. Kupe yule alikuwa amezoea kujificha mahali ambapo mkono wa sokwe hauwezi kumng'oa. Hata leo nikiisoma habari hiyo naishika pua yangu.

Sasa tazameni kinachotokea kwa watalii. Mtu anayetoka Ulaya kuja kutembelea mbuga za Afrika, akirudi kwao na homa na kidonda chenye kigaga cheusi mguuni, daktari wa magonjwa ya kitropiki atamwuliza kwanza habari za kupe. Homa ya kupe ya Afrika, inayoletwa na bakteria aliyepewa jina la Rickettsia africae mwaka 1996, ni miongoni mwa sababu kuu za homa kwa watalii wanaorudi kutoka kusini mwa Sahara. Imeandikwa, inafundishwa, ina vipimo. Lakini kupe walewale wanamng'ata mchungaji wa hapa kwetu Wembere kila siku ya maisha yake. Yeye akifika dirishani na homa ileile, nani anamvua kiatu kumtazama mguu? Mgeni aliyekaa wiki mbili anaandikiwa ugonjwa wake kwa jina, na mwenyeji aliyezaliwa humu anaambiwa taifodi. Hili ndilo linaloniuma kuliko yote niliyoyaandika hapa.

4. Ng'ombe naye ni msafiri.

Mheshimiwa Waziri wa Mifugo, nimechelewa kukufikia, lakini hoja yako ndiyo ndefu, na sehemu yake ni ya kuungama.

Ndigana kali, ugonjwa wa kupe wa masikio wa rangi ya kahawia, ni mzaliwa wa upande wetu wa Afrika. Baada ya sotoka kufyeka ng'ombe wa kusini mwa bara mwishoni mwa miaka ya 1890, wakoloni wa Rhodesia walitafuta ng'ombe wa kujaza mazizi. Mwaka 1901 walileta kwa meli ng'ombe kutoka pwani ya Afrika Mashariki, wakawashusha Beira na kuwapandisha bara. Hapohapo Beira walishushwa pia ng'ombe kiasi cha elfu moja kutoka Australia. Wale wa Australia walikufa karibu wote. Ugonjwa ukafuata njia za mikokoteni hadi Afrika Kusini. Koch huyuhuyu aliitwa Bulawayo mwaka 1903 kuutazama. Hadi ulipotokomezwa huko katikati ya miaka ya 1950, ng'ombe zaidi ya milioni moja walikuwa wamekufa. Nusu karne ya kuogesha, kuzuia na kuchinja, kwa sababu ya kupe walioshuka melini na ng'ombe wachache ambao machoni walikuwa wazima.

Na si habari za kale tu. Mwaka 2003 na 2004 ndigana kali ilizuka Ngazija, Visiwa vya Komoro, baada ya ng'ombe kupelekwa huko kutoka Tanzania. Waliochunguza walijiuliza kama chanzo kilikuwa ng'ombe waliochanjwa. Chanjo ya ndigana kali, iliyotengenezwa Muguga, Kenya, ni nzuri na mimi nimeitumia. Ila ng'ombe aliyechanjwa anaweza kubaki na vimelea mwilini akiwa mzima, kupe wa masikio akamnyonya, akaviokota, akavipeleka kwa ng'ombe mwingine katika hatua yake inayofuata ya kukua. Wagazija ni ndugu zetu wa lugha na dini. Tuliwauzia msiba bila kujua, kwa sababu hatukuwa na mazoea ya kujiuliza.

Upande wa pili, sisi nasi tuliletewa. Kupe wa buluu wa Asia alifika Afrika na ng'ombe wa meli zamani, na utafiti uliochapishwa mwaka 2008 ulionyesha kwamba ameenea sana Tanzania akimsukuma kando kupe wetu wa buluu wa asili. Huyu huleta aina kali zaidi ya ugonjwa wa kukojoa damu, na ana sifa ya kuzoea dawa upesi. Afrika Magharibi aliingia na ng'ombe wa maziwa walioagizwa kutoka Brazil. Alitambuliwa Ivory Coast na Benin, na ndani ya miaka michache akawa amefika Burkina Faso, Mali na Togo, akifuata malori na minada.

Kwa nini anasafiri vizuri hivyo? Kwa sababu habadili mnyama. Kupe wa masikio huhitaji wanyama watatu maishani. Kupe wa buluu hupanda ng'ombe mmoja akiwa mdogo kama punje ya vumbi na kukaa juu yake wiki tatu hivi mpaka ashibe na kushuka kutaga. Wiki tatu zinatosha kumtoa ng'ombe mnada wa mpakani, kumpitisha Igunga, na kumfikisha mnada wa Pugu.

Ng'ombe wangu kumi na mmoja walikufa baada ya kuchanganywa na ndama niliowanunua kwa mchuuzi, ndama wenye karatasi zote. Josho lililo karibu nami halikuwa na maji wala dawa msimu ule. Nilinyunyiza kwa pampu ya mgongoni dawa niliyouziwa dukani, nikairudia, nikaizidisha, kupe wakaendelea kunenepa mbele ya macho yangu. Hakuna aliyewahi kuwapima kupe wa eneo letu kujua wamezoea dawa ipi. Tunabahatisha, na kila tukibahatisha kwa kuzidisha au kupunguza kipimo, tunawafundisha kupe kuishi.

5. Lawama yetu wafugaji.

Wenzangu, nakala hii ni yenu. Sisi tunahamisha mifugo usiku ili kukwepa vibali. Tumewapeleka ng'ombe Usangu, Rukwa, Kilombero, hadi Lindi, na kupe wao masikioni. Tunachanganya dawa kwa kukisia kwa kizibo cha chupa. Tunanunua ng'ombe asubuhi na jioni tunamwingiza zizini na wenzake. Enzi za Azimio la Arusha tulifundishwa kumwita kila mnyonyaji kupe, na tukaimba hivyo mashuleni. Kupe mwenyewe tukamwacha aendelee na kazi. Siandiki barua hii kama mtu msafi.

6. Wengine wanaweza.

Machi 2000 Marekani ilipiga marufuku kuingiza aina tatu za kobe wa Afrika, akiwamo yule mwenye madoa anayepatikana pia mbugani kwetu, kwa kuwa kobe waliofikishwa Florida kuuzwa kama wanyama wa kufugwa walikutwa na kupe wanaoweza kubeba ugonjwa wa maji moyo. Ng'ombe wa Marekani hawajawahi kuuona ugonjwa huo, na nchi ile haikusubiri wa kwanza afe. Sidai tufunge mipaka, kwani Igunga bila barabara si Igunga. Nasema tu kwamba mtu alimgeuza kobe akatazama chini ya makwapa yake, na kwamba kulikuwa na ofisi iliyompa kazi hiyo.

7. Tunachoomba.

Nimeomba tayari habari ya wajawazito, na ombi hilo lisingoje bajeti. Mengine ni haya.

Mipakani, kuanzia Rusumo, Kabanga na Mutukula, awepo walau mhudumu mmoja kwa kila zamu aliyefundishwa kumtambua kupe na papasi, awe na koleo, chupa ndogo za spiriti na daftari. Bango liwekwe kwa Kiswahili chepesi na picha: kung'uta na kuanika mikeka na mablanketi juani, kujikagua nyuma ya magoti, kinenani, kichwani na puani; na ukipata homa ndani ya wiki tatu, umwambie mhudumu ulikolala. Maelekezo hayo wapewe pia madereva wa malori na matingo wao, kwa kuwa wao ndio wapagazi wa leo.

Kupe anayeokotwa apelekwe maabara, na matokeo yarudi. Tabora tuna bahati ambayo mikoa mingi haina: kituo cha Wakala ya Maabara ya Veterinari kipo, na kituo cha Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu kipo. Dawati la Afya Moja liliundwa ili ofisi za namna hii zifanye kazi kwa pamoja. Naomba vituo hivi viwili vipewe agizo na fedha za kutengeneza ramani moja ya kupe na papasi wa njia hii, kutoka mlima wa Sekenke hadi mpakani, ikionyesha yupi yuko wapi, amebeba nini na amezoea dawa gani. Mkulima anapimiwa udongo wake. Mfugaji naye apimiwe kupe wake.

Kuhusu mifugo, kampeni ya chanjo na utambuzi iliyozinduliwa Bariadi Juni 2025 inachanja homa ya mapafu ya ng'ombe, sotoka ya mbuzi na kondoo, na kideri cha kuku, na inawavisha ng'ombe herini. Ni hatua kubwa na wafugaji wengi tumeipokea. Naomba ndigana kali iingizwe kwenye ruzuku hiyo. Naomba pia herini ile ibebe habari moja zaidi, tarehe ya josho la mwisho na jina la dawa iliyotumika. Kibali cha kusafirisha kisitolewe bila tarehe hiyo, na ng'ombe aogeshwe kabla ya kupakiwa na tena akifika. Mnada wowote unaokusanya ushuru wa ng'ombe uwe na josho lenye maji na dawa siku ya mnada, na sehemu ya ushuru ule ibaki palepale kulilisha. Tumelipa ushuru miaka mingi, na hatuombi zawadi.

Na nyumba. Papasi haishi kwenye sakafu ya saruji na ukuta uliopigwa lipu. Usipoziba ufa utajenga ukuta: kwa mtu mwenye papasi hayo ni maelekezo ya afya neno kwa neno. Halmashauri zinatoa mikopo kwa vikundi vya kina mama. Naomba iwepo fungu la mifuko ya saruji kwa chumba anacholala mjamzito, chumba kimoja tu kwa kaya, na kitanda kilichoinuliwa kisichogusa ukuta.

Waheshimiwa, mkwe wangu ana mimba tena, miezi mitano sasa. Chumba cha uani nimekisakafia, nimeziba kuta, mikeka ya zamani tumeichoma. Wageni bado wanakuja na bado tunawapokea. Virago vyao vinaanikwa uwanjani kwanza, na wengine wanaona tunawadharau. Nimemwandikia mkwe wangu kwenye karatasi maneno ya kumwambia mhudumu akipata homa, naye ameikunja na kuiweka ndani ya kadi yake ya kliniki. Ningependa siku ya kujifungua ikifika, mhudumu atakayempokea awe ameshayasikia maneno hayo kutoka kwenu.

Nasubiri majibu yenu.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Mwalimu mstaafu na mfugaji,
Igunga, Tabora